Mtoto Mwenye Kifafa, na Mzazi Anayemsemea

Amma baad. Katika darsa zetu za baada ya Isha tumeletewa suali, nalo limetoka kwa mama mmoja kwa mkono wa nduguye, kwani mwenyewe aliona haya kuliandika kwa jina lake. Ana mwana wa miaka 9 mwenye maradhi ya kuanguka. Mwalimu wa chuo alikosoma mtoto amemwambia amweke nyumbani hata atakapoondolewa shetani aliye naye. Jamaa za mumewe wasema apelekwe kwa fundi akapungwe. Yeye amekwisha kumpeleka kwa daktari, na dawa anampa, walakini kila afunguapo kinywa huambiwa kuwa ni mwanamke mbishi asiye na imani. Auliza: je, ana dhambi kwa kubishana na mwalimu na wakubwa wake kwa ajili ya mwanawe?

Tulimjibu siku ile kwa mukhtasari kuwa hana dhambi, bali twataraji ana thawabu. Lakini kwa kuwa suali hili si la nyumba moja, na katika kila mtaa wa miji yetu mna mtoto afichwaye chumba cha nyuma kwa sababu hii, tumeona lastahili kuelezwa kwa urefu.

Kwanza hilo la ubishi. Imo katika Qur'ani sura nzima ambayo jina lake limetokana na mwanamke aliyejadili. Bibi huyo ni Khawla binti Tha'laba, naye alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kumshitaki mumewe aliyemfananisha na mgongo wa mamake kama ilivyokuwa desturi ya wakati wa ujinga. Wapokezi wametaja kuwa alisema na habari ya watoto wake wadogo, ya kwamba akimwachia baba yao watapotea, na akiwachukua yeye watakufa njaa. Alipojibiwa asilolipenda hakunyamaza. Alirudia na kurudia, na shitaka lake akalipeleka kwa Mola wake. Wahyi ukateremka kwa sababu yake, na desturi ile ikavunjwa. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Umar, naye ni khalifa, alisimamishwa njiani na bibi huyu akiwa mkongwe, akasimama kumsikiliza hata watu wakastaajabu. Basi wanaosema kuwa mama anayemtetea mwanawe amekosa adabu, na wasome habari hii kwanza kisha watuambie adabu hiyo wameitoa wapi.

Sasa tuyatazame maradhi yenyewe, kwani aghlabu ya dhulma wanayofanyiwa watoto hawa yatokana na kutojua.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Mwenyezi Mungu ameumba ubongo wa mwanadamu ukiwa na chembe nyingi mno zipelekeanazo habari kwa nguvu ndogo ya umeme, na kwa mpango huo ndipo mtu huona, husema na kuinua mkono. Ikitokea kundi kubwa la chembe hizo likatoa umeme kwa pamoja pasi na mpango, mwili hufuata msukosuko ule: mtu huanguka, viungo hukakamaa na kutetemeka, macho hugeuka, mate hutoka kwa povu, na pengine mkojo humtoka asijijue. Kisha dhoruba hupita, akalala au akaamka amechoka hajui lililompata. Matabibu hawamwiti mtu mwenye kifafa kwa kuanguka mara moja tu. Huangalia kama hali hiyo imemrudia bila ya homa wala sababu nyingine ya wakati ule.

Sababu zake ni nyingi. Kuna aliyekosa pumzi alipokuwa akizaliwa, kwa uchungu uliokuwa mrefu au kwa kucheleweshwa kufika hospitali. Kuna aliyepatwa na malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, akapona homa lakini ubongo ukabaki na kovu. Kuna aliyeumia kichwa kwa kuanguka mnazini au kugongwa na gari. Kuna wenye kurithi. Na wengi hawajulikani sababu yao hata kwa vipimo. Shirika la Afya Ulimwenguni lakisia kuwa watu wenye maradhi haya ni kiasi cha milioni 50 katika dunia nzima, na karibu 80 katika kila 100 wao wako katika nchi kama zetu. Ni mataifa yote na dini zote. Kama ni jini, basi jini huyo ana safari nyingi!

Pana jambo jingine ambalo twaomba wazazi walifahamu vyema. Mtoto mdogo aliye na homa kali akipatwa na mtukutiko, watu wetu husema amepatwa na ndege, au ni degedege, na wengine huogopa kumpeleka hospitali kwa kudhani kuwa akichomwa sindano atakufa. Dhana hii imewaua watoto wengi. Si kila degedege ni kifafa, lakini homa yenye mtukutiko huenda ikawa ni malaria ya ubongo au uti wa mgongo, na kila saa inayopotea kwa kufukizwa buhuri ni saa aliyonyimwa dawa. Mtoto huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Tuje kwenye hoja ya jini, maana tunajua msomaji ataiuliza. Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini. Qur'ani imewataja, na mwenye kukanusha amekanusha jambo kubwa. Lakini kuamini kuwa majini wako si sawa na kudai kuwa kila aangukaye ameingiwa na mmoja wao. Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ni katika maulamaa walioshikilia sana kuwa pepo huweza kumwangusha mtu. Pamoja na hayo yeye mwenyewe ameigawa maradhi hii mafungu mawili, na fungu moja akalifanya ni la mwili na kulitia mikononi mwa matabibu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameieleza katika kitabu chake cha utabibu kama alivyoeleza maradhi nyingine za kichwa. Na kabla yao Wayunani, katika maandiko yanayonasibishwa na Hippocrates, walisema kuwa maradhi hii si takatifu kuliko nyingine na kwamba shina lake ni ubongo. Basi fundi wa mtaani atakayesema kuwa kila kifafa ni jini amekwenda mbali kuliko Ibnul-Qayyim, naye hajakifungua hata kitabu chake kimoja.

Ipo hadithi katika Bukhari na Muslim ambayo husomwa sana, lakini twaona hupitwa upesi. Ibn Abbas alimwonyesha mwanafunzi wake Ata mwanamke mweusi akamwambia kuwa huyo ni katika watu wa Peponi. Bibi yule alikwenda kwa Mtume akamweleza kuwa huanguka, na aangukapo nguo humfunuka, akaomba aombewe. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, kisha akarejea akasema kuwa lile la kufunuka ndilo limpalo dhiki, basi aombewe asifunuke, na akaombewa.

Tazama mambo yaliyomo. Hakupigwa. Hakufukizwa. Hakuambiwa kuwa ana dhambi iliyomletea haya, wala wazee wake hawakutafutwa kosa. Hakuzuiwa kuingia msikitini, kwani Ata amepokewa akisema kuwa alimwona, naye ni bibi mrefu, kwenye pazia la Al-Kaaba penyewe. Na lile aliloliomba mwishoni ni sitara. Aliweza kuustahamili ugonjwa, lakini kudhalilika mbele ya watu hakukustahamilika. Hapo ndipo tulipo na deni sisi tusiougua. Kuponya hatuwezi, lakini kumfunika kanga mtoto aliyeanguka, na kuwafukuza wanaomzunguka kutazama, ni jambo lililo ndani ya uwezo wa kila mwenye mikono miwili.

Wala mtu asiifanye hadithi hii hoja ya kuacha dawa. Bibi yule alihiarishwa yeye mwenyewe, mtu mzima, na akajichagulia subira kwa nafsi yake. Mzazi hana haki ya kumchagulia mtoto subira ilhali dawa iko. Na Mtume ameamrisha watu wajitibu, akafundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake.

Dawa zake zapatikana. Mojawapo, iitwayo fenobabitali, yatumika tangu mwaka 1912, na bei yake ni nafuu. Ziko na nyingine ambazo daktari huchagua kwa kuangalia umri na aina ya kifafa. Msichana aliyekaribia kuolewa na amwambie daktari wake, kwani iko dawa, nayo ni valproeti, yenye madhara makubwa kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya lasema kuwa hata watu 70 katika kila 100 wenye kifafa waweza kuishi pasi na kuanguka iwapo watatambuliwa vyema na kupewa dawa ipasavyo. Hapa kwetu pwani, uchunguzi uliofanywa Kilifi ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakuwa wakipata tiba inayostahili. Wengine ni kwa umbali wa hospitali, wengine ni kwa fedha, na wengine walianza dawa wakaziacha walipoona mtoto amekaa miezi miwili hakuanguka. Hili la mwisho ni hatari kubwa. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafula huweza kuleta mtukutiko mfululizo ambao mwisho wake ni mauti. Huachwa kwa amri ya daktari, polepole, na aghlabu baada ya miaka 2 au zaidi ya salama.

Ama kumsomea mtoto Qur'ani na kumwombea dua ni jambo jema, na mzazi ndiye mwenye haki zaidi ya kulifanya, bila ya malipo na bila ya kwenda kwa mtu. Asome Fatiha na Mu'awwidhatain, kisha ampe kidonge chake kwa wakati. Mambo haya mawili hayagombani. Kinachokatazwa ni ngoma za pepo, na kafara za kuku mwekundu, na hirizi zilizojaa maandishi yasiyosomeka, na kumfunga mtoto kamba au kumtandika bakora kwa kudai kuwa apigwaye ni jini. Wallahi apigwaye ni mtoto.

Turudi kwa mama yetu. Tulipofuatilia tulikuta kuwa huo walioita ubishi ulikuwa na mpango kuliko elimu ya wengi waliomlaumu. Alinunua daftari la senti chache, akawa akiandika kila mwanawe aangukapo: siku gani, saa ngapi, alikuwa akifanya nini, mkono upi ulianza kutetemeka, na dakika ngapi zilipita. Daktari wa kwanza alimpokea kwa haraka akampa dawa ya homa; hakukubali, akarejea na daftari lake akaomba aonwe na mwenye kujua zaidi. Daftari lile ndilo lililomfahamisha tabibu wa pili aina ya kifafa, kwani daktari mwenyewe ni nadra kumwona mgonjwa akianguka mbele yake.

Katika daftari hilo mlikuwa na jambo ambalo walimu wetu wa vyuo na wa skuli twawaomba walisome mara mbili. Mtoto huyu kabla ya kuanza kuanguka alikuwa akipigwa chuoni kwa kutosikiza. Katikati ya kusoma hunyamaza ghafula, akatoa macho asipepese, kwa muda wa kuhesabu hata kumi, kisha akaendelea lakini amekwisha kupotea mahali pake katika juzuu. Mwalimu alidhani ni kiburi au usingizi. Kumbe nacho ni kifafa, cha namna isiyoangusha, na mtoto wakati ule hasikii hata akiitwa kwa jina lake. Bakora haimwamshi. Mwalimu atakayeona hali hii ikijirudia na amwite mzazi amwelezee. Huenda akawa ndiye wa kwanza kuufumbua ugonjwa.

Kisha mama yule akamwendea mwalimu wa chuo, pamoja na nduguye, na barua ya daktari mkononi. Hakwenda kwa matusi. Alimuuliza maalimu anaogopa nini hasa. Maalimu, na twamshukuru kwa kusema kweli, akajibu kuwa aogopa mambo mawili: povu lisiwaambukize watoto wengine, na mtoto asimfie mkononi. Mambo yote mawili yana majibu. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa kula sahani moja. Watu walioachwa waungue jikoni au wafe maji kwa kuwa wenzao waliogopa kuwagusa wamekufa kwa uwongo huu, hawakufa kwa kifafa.

Na la pili, afanyeje aangukapo. Asishikwe kwa nguvu kuzuiwa kutetemeka. Vitu vigumu na vya moto viondolewe karibu naye, awekwe nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, alegezwe kanzu shingoni. Mtukutiko utulizapo alazwe ubavu ili mate yatoke nje. Asitiwe kitu chochote kinywani, si kijiko, si kidole, si maji, si dawa. Ulimi haumezwi kama watu wadhanivyo, bali kijiko huvunja meno na kuziba pumzi. Asinuswishwe kiatu wala kitunguu. Mtu atazame saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla ya fahamu kumrejea, au ikiwa amejiumiza, apelekwe hospitali. Akiamka asiulizwe maswali wala asichekwe. Apumzishwe, na mtu mmoja amwelezee kwa upole yaliyopita. Maalimu aliyasikiliza haya, akamwita mwanafunzi wake mkubwa naye ayasikie. Mtoto amerejea chuoni na sasa yuko juzuu Amma.

Msomaji asidhani kuwa mzazi wa kwetu peke yake ndiye huhitaji kusimama hivi. Marekani, mwaka 1993, mwana wa mtengenezaji filamu Jim Abrahams, jina lake Charlie, alianza kupatwa na kifafa akiwa na umri wa kiasi cha mwaka 1. Alipewa dawa nyingi, akapasuliwa kichwa, wala asipone. Baba akaenda maktaba kujisomea, akakuta habari za chakula maalumu chenye mafuta mengi na wanga kidogo mno, ambacho madaktari walikianzisha katika miaka ya 1920 kisha wengi wakakiacha dawa zilipozidi. Akampeleka mwanawe hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, ambako tiba hiyo ilikuwa bado yafanywa, na mtoto akatulia. Mwaka 1994 akaanzisha wakfu wa kuwaeleza wazazi wengine. Chakula hicho ni tiba ya hospitali, hupimwa kwa mizani chini ya mtaalamu, basi mtu asijaribu nyumbani kwa mafuta ya nazi. Tulichokusudia ni kuonyesha kuwa hata penye madaktari wengi na mali, yuko mtoto aliyehitaji mzazi wa kuuliza suali la pili.

Na mzazi ajue kuwa sharia ya nchi iko pamoja naye. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi na haki ya kulindwa na mila zenye madhara na adhabu za kikatili. Mkuu wa skuli amfukuzaye mtoto kwa kifafa hana pa kusimama. Hata hivyo twashauri mzazi aanze kama alivyoanza mama yule, kwa barua ya daktari na suali moja la upole, kisha ndipo apande ngazi nyingine.

Yamebaki masuala madogo yaliyoletwa pamoja na suali hili.

La kuogelea na kupanda minazi: asifanye peke yake, na ni bora minazi aiache kabisa. Pwani aende na mtu mzima ajuaye hali yake. Kumfungia ndani mwaka mzima si ulinzi.

La saumu: mtoto hajafikiwa na faradhi. Akibaleghe na daktari mwaminifu akasema kuwa kufunga kwamdhuru, ana ruhusa ya mgonjwa. Iwapo hali yake imetulia, amuulize daktari kabla ya Ramadhani kama dawa zake zaweza kunywewa wakati wa daku na wa futari. Na azingatie usingizi, kwani kukesha ni katika mambo yachocheayo kifafa. Tarawehe aswali, lakini barazani baada yake asikae hata alfajiri.

La udhu: kupotewa na fahamu kwatangua udhu, basi atawadhe upya, na kukoga baada ya kuzindukana ni sunna kwa madhehebu yetu ya Shafi.

La mwisho, aliuliza kijana mwenyewe mwenye miaka 19, aliyehifadhi na mwenye sauti nzuri: je, yajuzu kuswalisha ilhali hujulikana kuwa huanguka? Yajuzu. Akili yake ni timamu na swala yake ni sahihi kama ya mwingine. Akianguka katikati ya swala, aliye nyuma yake asogee mbele awatimilizie watu swala yao, na wawili wa safu ya kwanza waikate yao, wamlaze ubavu na kukaa naye hata azindukane, kisha waswali nao.